Vidonge Ambavyo Nicanor Alimpa Delfina

— Vidonge umevipeleka wapi, Nicanor?

Mume wangu aligeukia ukuta. Tulikuwa hospitalini, mjini Cochabamba. Asubuhi hiyo alianguka shambani kwetu Punata, katikati ya mahindi, moyo ukimwenda mbio.

Daktari Quiroga alinikazia macho.

— Mama Herminia, mashine tuliyomwekea kifuani mwaka jana inauzuia moyo usizubae. Vidonge vinauzuia usikimbie. Anahitaji vyote viwili. Tena asiye na mashine asiviguse, moyo utazubaa hadi usimame.

Alipotoka tu, simu ya Nicanor ikalia kitandani. Nikasoma ujumbe.

“Nica, sasa nameza viwili kwa siku. Kizunguzungu hakiishi. Niletee vingine. Delfina.”

Delfina! Mchumba wake wa zamani, kabla yangu.

— Kumbe! Mimi nakuchemshia supu ya karanga, wewe unamlea hawara!

— Si hawara. Ana ugonjwa wangu huu huu wa moyo unaoletwa na vinchuca, wadudu wa kuta za udongo wanaonyonya damu. Mwaka wa pili anasubiri mashine. Nilimwona moyo unamkimbia, nikamgawia vyangu.

— Unampenda?

Aligeuka kutoka ukutani, akanitazama.

— Sikuwahi kuacha, Herminia.

Nilisimama niondoke zangu. Mlangoni maneno ya daktari yakanirudia: asiye na mashine asiviguse.

— Umesema hana mashine?

— Si nimekwambia anasubiri!

Nilikimbilia ukumbini na simu yake, nikampigia Delfina. Matusi niliyokuwa nimemwandalia niliyameza.

— Delfina, usimeze tena hivyo vidonge!

— Mimi dada yake, — sauti ikajibu, imekauka kwa kilio. — Delfina ameanguka sasa hivi, alipoacha kufua aandike ujumbe. Simu ilikuwa bado mkononi. Hapumui, mama. Tumemwita muuguzi, jirani yetu, amesema ndiyo basi, ametutoka.

Niliegemea ukuta. Machozi yalinitoka, na hadi leo sijui nilimlilia yeye au nilijililia mimi.

Niliporudi, Nicanor alikuwa ameinua kichwa.

— Umempata?

— Hapokei.

— Akipokea mwambie avumilie. Nikitoka nitampelekea vingine.

Muuguzi wa wodi alikuwa ameacha kidonge kwenye kisahani. Nikakichukua, nikamshikia glasi ya maji.

— Umenisamehe? — akauliza.

— Meza kwanza, Nicanor.