Mtobo wa Korongoni

Alfajiri Nyamizi alichota maji, akafagia uwanja, kisha akawapelekea wafyekaji ugali. Siku hiyo miguu yake haikutulia! Wanakijiji walikuwa wakimalizia kufyeka vichaka vya mbung'o, wale nzi waliowaua ng'ombe hata babu zake wakahama. Sasa ng'ombe walikuwa wanarudi nyumbani.

"Sehemu yako kule korongoni umemaliza kuifyeka?" aliuliza baba yake, Nkwabi, shoka begani.

"Tayari, baba."

Tayari gani! Alikuwa amebakiza kichaka kimoja. Katikati yake ulisimama mti wa mtobo, na matunda yake, matobo, yalikuwa matamu kama asali. Kichaka kimoja tu, nani atakiona?

Mchana pembe ililia. "Ng'ombe hao!" watoto walishangilia. Nyamizi alikimbilia korongoni kuchuma matobo ya kuwalaki wachungaji. Alipoinama chini ya matawi, kitu kikamchoma shingoni. Paa! Kikaanguka kiganjani: nzi wa kijivu, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa.

Mbung'o!

Na ng'ombe walikuwa wanateremka kuja kunywa maji pale pale korongoni. Akinyamaza, watakufa. Akisema, kijiji kizima kitajua amedanganya. Akatimua mbio hadi kwa wafyekaji, waliokuwa wakipiga ngoma ya kuwapokea ng'ombe.

"Baba, wasimamishe! Nilidanganya! Kichaka kipo, na mbung'o wamo!"

Ngoma ya wafyekaji ikanyamaza. Binamu yake Mabula akaangua kicheko. "Kumbe tunaye mfugaji wa mbung'o!"

"Utacheka baadaye. Shika panga!" alifoka Nkwabi.

Wachungaji wakawazuia ng'ombe mlimani. Watu wakamiminika korongoni. Nkwabi alipoinua shoka juu ya mtobo, Nyamizi akafumba macho.

"Ngoja!" Ilikuwa sauti ya bibi yake, Mageni. "Mti huu una kosa gani? Mbung'o hukaa kwenye vichaka vya chini. Fyekeni hivyo, upepo na jua vipite."

Wakafyeka mpaka ardhi ikaonekana. Ndipo ng'ombe wakashuka, wakilia kwa kiu, vumbi likitimka, na Bibi Mageni akapiga vigelegele huku machozi yakimtoka.

"Umeona, mayu, mama yangu?" alimwambia mjukuu wake. "Uliuficha mti usikatwe. Ungetuambia asubuhi, tungeuacha kwa amani. Ukweli usemwe mapema, mwanangu. Ukweli ukichelewa, hulazimika kukimbia kama ulivyokimbia wewe."

"Nimesikia, bibi. Sitarudia."

Mabula akanyoosha mkono. "Haya, mfugaji, nigawie tobo."

Nyamizi akampa, lile kubwa kuliko yote.