Waliotoka Kabla ya Kura

Jumamosi asubuhi katika mji wa Pruitt Falls, kule Maine, ukitaka kumpata mtu usihangaike kwenda kwake. Nenda jalalani. Kila mmoja hupeleka takataka zake mwenyewe, akishamwaga haondoki, anabaki kupiga soga kwenye kibanda cha bure, pale watu wanapoacha vitu ambavyo bado ni vizima ili wenzao wajichukulie.

Siku hiyo kibanda kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni. Mireille Ouellette alijipenyeza katikati ya watu akiwa amevaa koti la sufu la baba yake, la mirabaraba myekundu na myeusi, mikono ameikunja ili vidole vionekane. Mabuti yake yalikuwa yamepakaa matope ya Aprili. Nyuma yake bintiye Josie, mwenye miaka minne, alikuwa ameshika pindo la koti. Mireille aliiona feni ya dirishani chini ya rundo la mazulia, akaivuta. Feni haikuja. Kulikuwa na mkono mwingine upande wa pili.

"Samahani, bibie. Nimeiona mimi kwanza."

"Wewe umeiona kwa macho. Mimi nimeishika. Achia."

Mwenye mkono alicheka. Alikuwa kijana mrefu, kofia ya rangi ya chungwa ya wawindaji kichwani, ndevu zimechongwa vizuri, ananukia sabuni ya msonobari kana kwamba ameiogea mara mbili.

"Haya niambie unaitakia nini, nipime."

"Unipime wewe nani? Baba yangu ana mapafu mabovu. Amekula vumbi la kiwanda cha karatasi maisha yake yote, sasa kiangazi kikija hawezi kuvuta pumzi. Na wewe?"

"Mimi ninalima. Ndani ya nyumba. Mimea inataka upepo."

"Nyanya?"

Kijana alisita kidogo. "Mimea tu. Ya kijani."

"Kila mmea ni wa kijani, mkulima."

Josie akadakia, "Mama, huyu mkulima ana masikio mekundu!"

Na kweli yalikuwa mekundu. Akaiachia feni, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye gari la Mireille, akaomba namba ya simu kama malipo ya kazi ya upagazi. Jina lake lilikuwa Dana. Mireille hakuuliza jina la ukoo. Alikuwa amerudi mjini majira ya baridi tu, kumuuguza baba, na nusu ya watu aliwajua kwa kofia zao.

Simu zikaanza. Mireille alikuwa akiosha vyombo, simu ameibana kati ya sikio na bega, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mkulima, umekula?"

"Nimekula mkate na siagi ya karanga, nimesimama."

"Hicho si chakula, ni adhabu. Kesho uje, nina supu ya njegere ya nyama ya nguruwe."

"Nikija sitaondoka."

"Utaondoka. Baba yangu anakoroma, hakuna mgeni anayevumilia."

Alikuja. Alikula sahani mbili, akamsikiliza mzee Armand akisimulia mambo ya kiwandani huku mrija wa oksijeni ukimning'inia puani, na alipoaga akambusu Mireille kwenye baraza, polepole, mpaka taa ya baraza ikazimwa na mtu aliyekuwa ndani.

"Baba!" Mireille aliita.

"Umeme si bure," sauti ikajibu.

Siku chache baadaye, kwenye simu, Mireille alimweleza Dana kinachomkosesha raha. Nyumba yao ilikuwa Barabara ya Uwanjani, ukingoni kabisa mwa uwanja wa maonyesho. Mwaka uliopita watu wa maduka ya bangi, ambayo kule ni halali, walipewa kibali cha kufanya tamasha pale. Magari yalijaa pande zote, takataka zikalala wiki nzima, polisi wakakesha, na gharama yote ikabebeshwa mji, maana yake kila mwenye nyumba. Sasa walitaka tena, na kubwa zaidi. Jambo lenyewe lingepigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa mji mwezi Juni.

"Bangi yenyewe sina ugomvi nayo," alisema Mireille. "Mtu mzima avute chake. Lakini kwa nini baba yangu amlipie polisi wake? Pensheni yake haiongezeki, Dana. Kodi ya nyumba ikipanda tena, tunauza. Hii nyumba ameijenga kwa mikono yake. Ukimtoa humu unamuua."

Upande wa pili kukawa kimya.

"Upo?"

"Nipo, mpenzi," alisema Dana.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mireille akaufurahia ule ukimya, akidhani ni mapenzi yamemziba mtu koo.

Jioni ya mkutano, ukumbi wa michezo wa shule ulinukia maharage ya kuokwa na pai za tufaha, kwa kuwa akina mama wa kanisa huwalisha wapiga kura kabla ya kuanza. Mireille alivaa gauni la samawati la mikono mifupi na viatu vilivyombana. Alikuja na majirani zake watatu, mabibi wa Barabara ya Uwanjani ambao macho hayawaruhusu tena kuendesha gari jua likishazama. Kiongozi wao alikuwa Bi Laurette, mwenye mkoba mkubwa kuliko kifua chake.

Mwenyekiti aliisoma hoja: mji ugharamie polisi na usafi wa tamasha. Mireille akaenda kwenye kipaza sauti. Pale huwezi kusema lolote kabla hujataja jina na unapoishi.

"Mireille Ouellette, Barabara ya Uwanjani," alianza. "Mimi nauliza kitu kimoja. Tamasha likipata faida, tutagawana? Kama hatugawani faida, kwa nini tugawane gharama?"

Makofi yakalia. Bi Laurette alipiga mkoba wake. Mireille alirudi kukaa akiwa na mwanga usoni, akitazama huku na huko amwone Dana, maana alisema angekuja. Ndipo akaisikia sauti yake kwenye kipaza sauti cha nyuma.

"Dana Leavitt, Mtaa wa Kiwanda. Mimi ndiye mwenye duka la bangi hapa mjini. Na ni mmoja wa waandaaji wa tamasha."

Mireille hakusikia zaidi. Mimea ya kijani. Sabuni ya msonobari, ya kuficha harufu. Supu sahani mbili! Alichukua koti, akapita kati ya viti bila kuangalia pembeni, akatoka mpaka kwenye maegesho, akaegemea gari na kulia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa.

Alipofuta macho akawakuta mabibi watatu wamesimama mbele yake, makoti wameshavaa, Bi Laurette na kipande cha pai ndani ya karatasi.

"Mnafanya nini huku nje?"

"Wewe ndiye gari letu, mwanangu," alisema Bi Laurette. "Umechukua koti, tukadhani tunaondoka."

"Mmeshapiga kura?"

"Kura gani? Tumekufuata wewe."

Wakageuka kurudi, na fimbo zao, na magoti yao. Mireille aliwavuta kama mtu anayevuta mkokoteni. Walipofika mlangoni, kadi za kura, ambazo kila mtu huinua yake juu ihesabiwe, zilikuwa zimeshashushwa. Hoja ilikuwa imepita, kwa tofauti ya kura mbili.

Waliokuwa nje walikuwa wanne.

Aliwashusha mabibi mmoja mmoja. Nyumbani baba alikuwa mbele ya runinga, akifuatilia mkutano kwenye chaneli ya mji. "Mireille, yule kijana Leavitt..."

"Baba, jina hilo lisitajwe humu ndani."

"Lakini kasema..."

"Lisitajwe!"

Simu iliita, akaizima. Ikaita kesho yake na kesho kutwa. Kisha ikaacha, na hilo likamuuma kuliko kule kuita. Alikwenda ofisi ya mji kuuliza kama kura inaweza kurudiwa. Karani, mwanamke mpole, alimwambia mkutano umeshafungwa, asubiri mwaka ujao. Mireille alimshukuru, akakaa ndani ya gari bila kuliwasha.

Chaneli ya mji ina mambo machache ya kuonyesha, hivyo mkutano mmoja hurudiwa mpaka watu waukariri. Mchana mmoja wa Julai Mireille alikuwa jikoni akimenya viazi, na baba akaongeza sauti ya runinga mpaka madirisha yakatetemeka.

"Baba, punguza!"

"Siwezi. Mapafu mabovu."

Alikwenda kuipunguza mwenyewe, na pale kwenye kioo cha runinga akajiona, gauni la samawati, akipita na koti mkononi. Alimwona Dana akinyamaza, macho yanamfuata mpaka mlangoni. Kisha Dana akaendelea: "...na mimi naomba hoja hii ikataliwe. Waandaaji tulipe polisi wetu na tufagie uchafu wetu. Mimi ni mfanyabiashara. Siwezi kumtwika jirani mzigo wangu halafu niende kula mezani kwake." Zilipoinuliwa kadi za kukataa, yake ilikuwa juu kuliko zote.

Kisu cha viazi kilikuwa bado mkononi mwa Mireille.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulilikataza jina," alisema mzee Armand. "Runinga hukuikataza."

Alipiga simu palepale. Iliita mara moja tu.

"Mkulima."

"Mireille. Nilikudanganya."

"Ndiyo."

"Nilitaka kusema tangu ile siku ya supu. Ukaanza habari ya watu wa bangi, nikaogopa."

"Na mimi nilitoka na kura nne mfukoni. Tumelingana kwa ujinga." Alijifuta pua kwa aproni. "Dana, huwezi kulizuia hilo tamasha?"

"Waandaaji wenzangu, wale wa Boston, wamenitoa baada ya mkutano. Kibali kiko kwa jina lao. Duka ninalo, madeni yake ninayo, tamasha sina. Mpenzi, ningekuwa na uwezo..."

"Najua," alisema Mireille, na kweli alijua.

Kodi mpya ilikuja. Mzee Armand aliisoma, akavua miwani, akasema afadhali kuuza angali anaweza kutoka kwa miguu yake. Kibao cha kuuza kikasimikwa kwenye majani. Aliyekuja kununua alikuwa mmoja tu: kampuni ya tamasha yenyewe. Walitaka kiwanja cha kuegeshea magari, na mzee akakubali.

Siku ya tamasha, Agosti, joto lilikuwa linachoma. Ngoma zilidunda mpaka vikombe vikagongana kabatini, na madirisha yote yalifungwa ili moshi usimfikie mzee. Mireille alikuwa kwenye ngazi za baraza, kaptura na fulana iliyofifia, nywele amezifunga juu hovyo, alipomwona Dana anakuja kwa miguu kati ya magari, shati jeupe limelowa mgongo mzima.

"Gari nimeliacha darajani," alihema. "Hakuna pa kupita."

"Kaa."

Akakaa. Josie alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha dirisha nyuma yao, akiwapungia.

"Juu ya duka kuna vyumba viwili," alisema Dana.

"Siwezi kumlea Josie juu ya duka lile. Wala baba hawezi zile ngazi."

"Najua. Na mimi siwezi kuliacha, nimekopa mpaka shingoni." Alikuna ndevu. "Kwa hiyo sina pa kukuweka. Nakuuliza hivyohivyo. Utakubali nikuoe?"

"Unioe unipeleke wapi?"

"Sijui."

Mireille alimtazama, masikio mekundu, jasho kidevuni, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka.

"Tangu tujuane hilo ndilo jibu lako la kwanza la kweli. Basi ndiyo. Ndiyo, mpenzi. Hata kama hatujui."

Alimkumbatia kwa nguvu. Mbele yao gari jingine lilipanda juu ya maua ya mzee Armand, likazima injini, na vijana wakateremka wakiwapungia mkono kwa furaha, bila ubaya wowote. Dana aliinuka kuwafukuza, Mireille akamvuta mkono.

"Waache. Leo tumeshindwa. Kaa na mimi."