Saa Iliyoharibiwa kwa Makusudi

Wanangu, palikuwa na fundi saa mmoja mpole. Kila asubuhi alifuta kioo cha meza yake, akabana lenzi jichoni, na saa iliyokufa miaka kumi ikaamka mikononi mwake. Wateja walitoka kibandani wakitabasamu.

Lakini huyu mtengeneza saa za watu alikuwa hajui saa. Mkewe akimpigia simu, anajibu "nakuja", na kweli anakusudia kuja. Kisha anainamia saa, dunia yote inamtoka. Mtaa ukambatiza Bwana Nakuja. Alicheka nao, ila moyoni aliamini maneno ya dada zake tangu utotoni, kwamba yeye ni mvivu asiyejali mtu. Kubeba maneno hayo miaka arobaini na mitatu si mchezo.

Siku moja ya mvua akamsahau binti yao wa miaka saba getini kwa shule. Mkewe alimkuta mtoto kalowa chapachapa, meno yanagongana. Hakugomba. Alipanga nguo kwenye begi, akaliweka nyuma ya mlango.

"Ikitokea tena, baba," alisema taratibu, "mimi na mwanangu tunahamia kwa kaka."

Wiki hiyohiyo mwalimu akawatuma kwa daktari, maana mtoto hakuwa akitulia darasani. Daktari akauliza: anasahau? Anaanza jambo hamalizi? Kila swali, mama alimgeukia mumewe. Mwishowe akasema, "Daktari, mbona unamsema huyu?"

Basi na baba akapangiwa siku yake. Aliulizwa mengi, hata mama yake mzazi akaitwa aeleze ya utotoni. Akaambiwa ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu asitulie na asahau upesi. Kazaliwa nayo, si uvivu, haiondoki, ila msaada upo.

Fundi akalia. "Kumbe sikuwa mbaya."

"Hukuwa," daktari akamjibu. "Lakini mtoto alilowa. Sasa tujifunze."

Kila Jumanne akaenda kwa mshauri, akakaa na watu wazima wenzake wenye hali hiyo, muuguzi na dereva wa lori wakiwemo, wakichekana kwa funguo walizopoteza. Mkewe naye alikwenda. Mwanzoni, nadhani, alitaka tu kuona kama atafika.

Mshauri alimuuliza ni kitu gani hawezi kukipuuza. Fundi akafikiri. Akasema ni saa inayolia vibaya. Sikio lake halivumilii.

Hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akaharibu saa isiyo na kasoro kwa makusudi. Kila ulipofika wakati wa kumfuata binti shuleni, kengele yake ikawa inakoroma kama mbuzi mgonjwa. Akaitundika juu ya mlango, asiweze kuizima bila kusimama. Na sharti lake: akishasimama, haketi tena.

Mara mbili alichelewa, na begi likabaki palepale. Hakukata tamaa. Mvua kubwa iliporudi, saa ikakoroma. Akaacha saa ya mteja wazi mezani, akatoka na mwavuli.

"Leo umepotea njia?" mlinzi wa shule akamtania. Binti alipotoka, baba yuko getini.

Jioni akatazama nyuma ya mlango. Begi halipo. Akakimbilia jikoni. Lilikuwa sakafuni, limejaa vitunguu. Mkewe alikuwa ametoka nalo sokoni.

Mafunzo

Msimwite mtu mvivu kabla hamjajua anapambana na nini. Mtu mzima naye apelekwe kwa daktari, hajachelewa. Nawe uliyepata jina la hali yako, usilifanye godoro la kulalia. Simama, kama fundi yule.