Chini Pamekauka, Juu Bado

Kinyozi alikuwa hodari wa mkasi, na hodari zaidi wa mdomo. Wateja walicheka hadi akawaomba watulie asije akawakata masikio. Alichopenda kusimulia zaidi ni baiskeli. Kila Jumapili yeye na wenzake walipanda kilima kwa baiskeli. Walipita njia nyembamba iliyochimbwa na shemeji yake, kaka wa mkewe. Kilima kilikuwa mali ya bibi mmoja, mkulima wa mboga. Bibi aliwaruhusu kwa sharti moja tu. Udongo usiporomokee matuta yake.

Wiki moja mvua ilinyesha mfululizo. Jumapili jua likatoka. Kinyozi alikanyaga uwanja wa kibanda chake. Mkavu kabisa.

"Leo tunapanda!" alisema.

"Si umngoje kaka aseme?" mkewe aliuliza.

"Mke wangu, kukauka nako kunataka fundi?"

Mwanzo wa njia palikuwa wazi, juani. Tairi hazikuacha hata alama. Kinyozi akatamba. Walipoingia chini ya miti, tairi zikazama. Angeweza kurudi. Lakini wenzake walikuwa nyuma yake, na yeye ndiye aliyewahakikishia. Aliona haya kugeuza, akakanyaga pedali. Wenzake wakamfuata. Wengine walikwepa tope kwa kupita pembeni, juu ya majani.

Jioni mvua ikanyesha tena.

Kesho yake shemeji alikuja kula, uso umemshuka.

"Njia imeharibika," alisema. "Maji yamefuata mifereji ya tairi. Yamebeba udongo hadi kwenye mboga za bibi. Anataka kuifunga njia. Anasema ni wale wanafunzi wa chuo, wanaopanda nao kwa baiskeli."

"Vijana wa siku hizi!" kinyozi alisema.

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri. Mkewe alimtazama, kisha akaanza kuondoa vyombo mezani. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi alifuatana na shemeji kwenda kutengeneza njia. Walimkuta bibi amepiga magoti. Alikuwa akifukua miche kwa vidole, mmoja mmoja. Kinyozi alishindwa kuvumilia.

"Bibi, si wanafunzi. Ni mimi na wenzangu. Jana walipotajwa nilijua, na bado nikawasingizia. Nisamehe."

Shemeji aliduwaa. Bibi aliendelea kufukua.

"Na ndevu zote hizo," alisema mwishowe. "Shika jembe."

Afadhali angemtukana. Kinyozi alipanda kilima kichwa chini, na akaanza kufukia mifereji bila kuthubutu kumtazama shemeji. Baada ya muda aliuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, mbona kwangu palikauka?"

"Kwako ni udongo wa kichanga, na jua linapiga kutwa. Maji hupenya upesi. Huu ni udongo wa mfinyanzi, unashika maji. Tena miti inazuia jua na upepo. Hata mvua ikikoma, majani yanaendelea kudondosha."

"Na kule juu zaidi? Nako kuna kivuli, lakini kumekauka."

"Kule pana mteremko, maji yanakimbia. Hapa ni tambarare, yanatuama."

"Sasa nitajuaje?"

Shemeji alichota udongo, akaufinya. "Ukishikamana kama unga uliokandwa, rudi. Ukimomonyoka, pita. Tairi ikianza kuchimba, rudi, hata kama umefika nusu ya njia. Na usipite pembeni. Unaua majani yanayoshika udongo, na njia inazidi kupanuka."

Walichimba mitaro midogo ya kutoa maji nje ya njia. Jioni kinyozi alikwenda chuoni kuwaomba radhi wanafunzi. Walimsikiliza bila kutabasamu. Hilo nalo alilimeza.

"Mvua ijayo ndiyo itakayoamua," bibi alisema kuhusu njia.

Mvua ilikuja. Jumapili jua likawaka tena. Kinyozi alitangulia hadi penye miti, akashuka, akafinya udongo. Ulishikamana.

"Tunarudi," alisema.

"Wewe! Umeogopa tope?" mwenzake mmoja alimtania.

"Tope siogopi. Naogopa kusimama tena mbele ya bibi yule."

Walicheka mbavu zikawauma. Uso wake ulimwaka, lakini aligeuza baiskeli, nao wakageuza.

Bibi alikuwa amesimama kati ya mboga zake, mikono kiunoni.

"Mbona mapema?"

"Chini pamekauka, bibi. Juu bado."

Bibi alitazama tairi. Zilikuwa safi. Akatazama miche yake. Ilikuwa imesimama yote.

"Njia ibaki," alisema. "Pakikauka, wapitie wale wanafunzi uje nao."

Jumapili iliyofuata udongo ulimomonyoka kiganjani. Kinyozi alisogea kando na baiskeli yake, akawaachia wanafunzi watangulie.