Maumivu Yasiyo na Kelele

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Swaumu alimeza kidonge chake cha foliki cha kusaidia kuongeza damu, akanywa vikombe viwili vya maji, kisha akajaza chupa ya kubeba. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao ukichachamaa huleta maumivu makali ya mifupa. Mama yake, Bi Mwanamkasi, mkaanga samaki wa sokoni Bagamoyo, hakumruhusu kuvuka kizingiti bila maji na sweta.

Maumivu yalipomjia, Swaumu hakulia. Alijikunja, akauma upindo wa khanga na kunyamaza, kwa sababu kila kilio kilimtikisa mbavu zikazidi kuuma. Lakini katika Kituo cha Afya cha Mtakuja, alikotibiwa, mtoto aliyenyamaza alidhaniwa ana nafuu. Wenye kelele ndio waliotangulizwa.

"Huyu ametulia, asubiri kidogo," Nesi Zaina, muuguzi wa pale, alizoea kusema akimpita.

Basi Swaumu akajifunza kupiga kelele. Siku moja mwaka jana miguu ilimuuma kidogo tu, lakini alichoka kusubiri. Akaangua kilio cha kujitia, akajigaragaza sakafuni, na papo hapo akaitwa. Pale kwenye benchi aliachwa mtoto mdogo kutoka Miono, jina lake Fatu, amelala kwenye mapaja ya bibi yake, kimya kabisa. Zamu ilipomfikia Fatu, hali yake ilikuwa mbaya. Alipakiwa kwenye gari la wagonjwa, akakimbizwa hospitali kubwa. Swaumu aliliona gari likiondoka. Hakumwambia mtu, hata mama yake.

Miezi miwili baadaye, mtafiti wa maumivu ya watoto wenye selimundu, aitwaye Bi Kuruthumu, alikuja nyumbani kwao. Alimwomba mama ruhusa, kisha akamwomba na Swaumu mwenyewe. Wakakaa mkekani, kinasa sauti katikati yao.

"Sikuja na maswali ya ndiyo na hapana," alisema Bi Kuruthumu. "Nataka unisimulie. Ukiumwa, kwako inakuwaje?"

"Nikisema, manesi hawatanichukia?"

"Jina lako sitaliandika popote. Na usilotaka kulisema, hakuna atakayekulazimisha."

Swaumu alimtazama mama yake. Kisha akasema yote: kwa nini hunyamaza, alivyojifunza kujiliza, na habari ya Fatu. Mama alijishika shavu. Bi Kuruthumu hakumgombeza wala hakumkatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda zake. Swaumu akadhani maneno yake yameishia palepale mkekani.

Mwezi wa saba mwaka huu, baridi ya alfajiri ilimwamsha na maumivu ya mgongo na miguu yote miwili. Mama akambeba kwa bajaji hadi Mtakuja. Safari hii Swaumu hakujiliza. Alijikunja kwenye benchi, akauma khanga.

Nesi Zaina alimjia moja kwa moja, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Nesi," Swaumu alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ukiumwa huwa unalia, au unanyamaza?"

Swaumu akadhani hakusikia vizuri. Tangu azaliwe hakuna muuguzi aliyewahi kumuuliza hivyo. "Nanyamaza," alijibu.

"Haya, nionyeshe kwa vidole. Kumi ndiyo maumivu makali kupita yote."

Swaumu akanyoosha vidole tisa. Nesi Zaina hakubisha. Muda si mrefu dawa ilikuwa imeshaingia mwilini, na blanketi limefunika miguu.

Maumivu yalipolegea, Swaumu aliona karatasi ukutani, imeandikwa kwa herufi kubwa: "Nikinyamaza si kwamba nimepona. Nikilia, mbavu zinazidi kuuma. Mtoto, miaka 11."

Akainua kichwa. Yalikuwa maneno yake, neno kwa neno. Chini yake kulikuwa na ya wengine. Mmoja alisema, "Nahesabu mabati ya paa mpaka yaishe." Mwingine alisema, "Nasoma Alhamdu kimoyomoyo, maana nikifungua mdomo nitapiga yowe." Swaumu naye, akiumwa, alikuwa akihesabu mabati. Miaka yote hiyo alidhani duniani yuko peke yake.

"Nesi, hawa ni nani?" aliuliza.

"Hatuwajui. Mtafiti alizungumza na watoto ishirini na wawili wa Lugoba, Miono na huku kwetu, akaficha majina. Alitusomea waliyosema. Mimi niliona aibu. Miaka kumi na tano napima joto na mapigo ya moyo, sikuwahi kumuuliza mtoto anaumwaje. Ndipo tukabadilisha namna ya kuwapokea."

Swaumu aliinyooshea kidole karatasi. "Hayo ya juu ni yangu," alisema. "Na siku ile aliyozidiwa Fatu, mimi nilijiliza tu. Nilimpita kwenye foleni."

Nesi Zaina aliketi kando ya kitanda. "Fatu mzima. Yuko darasa la kwanza, wiki iliyopita alikuja kliniki."

Machozi yakamtoka Swaumu, na safari hii hayakuwa ya kujitia.

"Ulikosea, mwanangu," aliendelea Nesi. "Na sisi tulikosea zaidi, maana ndio tuliokufundisha kwamba anayepiga kelele ndiye anayesikilizwa. Lakini ulipoulizwa, ulisema kweli yote, hata ile iliyokuaibisha. Joto naliona kwenye kipimo. Maumivu sina kipimo cha kuyaona, nayajua kwa kinywa chako tu. Kwa hiyo mgonjwa aseme kweli, na muuguzi amsikilize na kumwamini. Kimoja kikikosekana, dawa zangu zote hizi hazitoshi."

Nesi alipotoka, Swaumu aligeukia ukuta. Aliyasoma tena maneno yale, taratibu, moja baada ya jingine, kama barua kutoka kwa ndugu ambao hajawahi kuonana nao.