Sweta Langu Lilinuka Panya

Meno ya Malkia yalikuwa yamezama kwenye mkono wangu wa kulia nilipogundua kwamba mlango umefungwa kwa nje...

Nilimwita mume wangu. Kimya.

Nikaita tena, sauti ikakatikia njiani, maana Malkia alishanizunguka kifuani na kila nikitoa pumzi anakaza. Jamani, chatu hana sumu. Anasubiri utoe hewa, halafu anachukua ile nafasi iliyobaki.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana wengine mmeingia leo kwenye ukurasa huu.

Malkia ni chatu jike, mrefu kuliko kitanda changu. Mume wangu alimlea tangu akiwa mwembamba kama mkanda, na huku mtandaoni mnamwita Bwana Chatu. Mimi hamnijui sana. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na ndiye niliyekuwa nashika kamera, nakatakata video na kujibu komenti zenu.

Kila ninachokijua kuhusu nyoka alinifundisha yeye. Boksi la kioo upande mmoja uwe na taa ya joto, mwingine uwe na ubaridi, ajichagulie mwenyewe, maana nyoka hana moto wake mwilini na bila joto hawezi kusaga chakula. Maji safi kila siku. Macho yakianza kuwa na ukungu ujue anataka kujivua gamba, muache, haoni vizuri na ana hasira. Akishakula usimshikeshike mpaka tumbo litulie.

Halafu kuna ile kubwa kuliko zote. Panya wake tulikuwa tunawanunua wameshakufa, wanakaa kwenye friza yao peke yao. Hawashikwi kwa mkono, ni koleo tu. Ukiwagusa kwa bahati mbaya, unanawa na sabuni mpaka viwiko.

"Yeye hajui kwamba wewe ni mke wangu," aliniambia siku ya kwanza. "Anajua harufu na joto. Ukinuka panya, kwake wewe ni panya."

Sasa, nyumbani tulikuwa watatu. Wa tatu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyekuja kukaa nasi ndoa yake ilipovunjika. Mimi na yeye tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Nikishona gauni anauliza kama nimelishona nimefumba macho.

Wifi alikuwa anamwogopa Malkia kupita kiasi. Kila akipita kwenye chumba cha nyoka anasukuma komeo la mlango, hata hachungulii kama kuna mtu ndani. Mara ngapi nimefungiwa mle nikiwa napiga deki, nagonga mpaka mikono inauma! Mume wangu alikuwa anacheka tu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua linawaka, mimi nina mafua mazito hata ladha ya chai siisikii.

Mume wangu akanikuta kwenye cherehani. Akaniomba nikambadilishie Malkia maji, akasema amemlisha juzi, ameshiba, hana neno. Kisha akanivika sweta langu mabegani.

"Vaa hili, mke wangu. Mafua yatakuzidi."

Nilijisikia mke anayependwa. Nikaingiza mikono, nikaenda.

Nilipofungua kioo, Malkia alinyanyua kichwa. Ulimi unatoka, unaingia, haraka haraka. Shingo akaivuta nyuma, akaikunja kama kiwiko. Ile dalili naijua, ni ya nyoka anayetaka kula. Lakini nilishaambiwa ameshiba, nikaamini maneno ya mume kuliko macho yangu.

Hata sikumwona akija. Niliona damu kwanza, maumivu yakafuata.

Nikaanguka naye chini. Nilikumbuka kwamba chatu anafunguliwa kuanzia mkiani, sio kichwani, lakini kwa mkono mmoja ningefanya nini? Nikajiburuta mpaka mlangoni. Nikausukuma kwa bega. Komeo. Nikasema moyoni, wifi ameniua.

Macho yakaanza kuingia giza...

Kilichonirudisha ni harufu kali ya spiriti, ile tunayosafishia kioo, iliyopenya hata kwenye mafua yangu. Wifi alikuwa amepiga magoti juu yangu, analia, uso ameugeuzia pembeni, na huku anamimina spiriti kwenye mdomo wa Malkia. Malkia akaachia. Wifi akakamata mkia kwa mikono yake miwili na kuanza kumkunjua, mzunguko mmoja baada ya mwingine.

"Pumua wifi. Pumua mdogo wangu."

Mume wangu alitokea nyuma yake, akambeba nyoka.

Hospitali alilia mbele ya kila mtu. Aliwasimulia madaktari, manesi na mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani kuhusu dada yake na tabia yake ya kufunga komeo. Nikamwamini. Wifi alipokuja kuniletea nguo safi, niligeukia ukutani na kumwambia aondoke.

Hakubisha. Aliweka nguo kwenye kiti.

"Sawa, wifi. Ila mlango niliufungua mimi, sikuufunga."

Nikaona anajitetea. Alihama kwetu siku hiyohiyo.

Mafua yalipoisha, nesi aliniletea mfuko wa nguo nilizoingia nazo, zilizokatwa kwa mkasi. Nilipoufungua nilirudi nyuma. Sweta lilikuwa linanuka panya. Sio harufu ya kupita tu, hapana. Nikaligeuza ndani nje, na kwenye mkono wa kulia nikakuta manyoya mafupi ya kijivu yameshikana na uzi. Mtu alilisugua kwa makusudi.

Wifi yangu asingegusa ile friza hata kwa fimbo. Na nyumba nzima, wanaojua kazi ya ile harufu walikuwa wawili. Mmoja ni mimi.

Nilimpigia wifi simu. Nikamwomba anisamehe, halafu nikamuuliza aliona nini. Yule ni mdogo wake wa damu, amembeba mgongoni, lakini hakumficha. Alisema alisikia sauti yangu akiwa jikoni. Alipofika alimkuta mdogo wake amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine umeshika simu, anaiangalia. Akamwambia fungua.

"Akanijibu, 'Subiri kidogo, dada. Bado.' Ndipo nikamsukuma."

Jioni mume wangu alikuja na tabasamu lake. Akakaa pembeni ya kitanda. Sikuzungusha maneno.

"Ulitaka nife?"

Akashtuka, na nawaapia alishtuka kweli.

"Ufe? Mke wangu, mimi ningekufungulia. Nilikuwa nakuangalia muda wote."

Kumbe kamera ilikuwa juu ya rafu, ndani ya chumba, na picha anaiona kwenye simu yake. Hakutaka kuniua. Alitaka video. Mimi nashambuliwa, yeye anavunja mlango, ananiokoa! Akanieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kazi yake, kwamba alimnyima Malkia chakula wiki nyingi ili asikose kushambulia, na kwamba alikuwa anasubiri pale ambapo ingeonekana kweli nazidiwa.

"Kila siku watazamaji wanauliza lini atashambulia," alisema. Halafu akaninyooshea simu. "Imetoka vizuri. Ila mwisho dada ameiharibu."

Nililia mpaka nesi akaja kumtoa, na mimi nikatoa taarifa polisi.

Maofisa wa wanyamapori walipomchukua Malkia, uti wa mgongo ulikuwa umesimama kama ukingo wa paa, na mdomoni anatoa povu. Taa yake ya joto nayo ilikuwa imezimwa, mume wangu anasema nyoka mwenye njaa na baridi anatamani zaidi kitu chenye joto. Alikufa mikononi mwao. Nilimlilia, najicheka mwenyewe, namlilia aliyenitafuna. Lakini yule alikuwa na njaa, basi. Aliyekuwa ameshiba alisimama nje ya mlango.

Kesi iko mahakamani. Vidole vyangu vya kulia havikunjiki, mkasi siwezi kuushika tena. Wifi anaishi na mimi, yeye anakata kitambaa, mimi nasukuma cherehani kwa mkono wa kushoto. Anakata kombo, tunagombana kutwa, na bila yeye nisingekuwepo wa kugombana naye.

Ndugu zangu, mkiona mnyama wa kufugwa anauma mtu, msiishie kwenye meno yake. Ulizeni nani alikuwa na jukumu la kumlisha. Na wewe unayeangalia, jiulize unashangilia nini.

Ukurasa huu ulikuwa wake, neno la siri ninalo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawajibu. Leo asubuhi niliandika hapa sentensi moja tu, kwamba Malkia amekufa na mimi nimebaki na mkono mmoja unaofanya kazi.

Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote ni hii:

"Pole sana dada. Video iko wapi?"