Chini ya Ulimi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda zamu, mama alimpa mwanawe wa kwanza kidonge na kikombe cha maji. Mama huyo alikuwa muuguzi katika chumba cha dharura cha wagonjwa wa akili. Kijana akishameza, mama alichukua mkoba na kuondoka mbio, huku binti yake mdogo akiosha vyombo na kupiga soga peke yake. Nyumbani walimwita Kasuku, maana hakuwa na kifua hata kidogo. Neno likimwingia sikioni, lilishatokea mdomoni.

Siku moja Kasuku alimkuta kaka yake nyuma ya nyumba akitema kidonge na kukifukia kwa kidole cha mguu. Kumbe alikuwa akikificha chini ya ulimi. Kaka alimweleza kwamba vidonge vile vinamtetemesha mikono hadi wenzake wanamcheka, na tena amekwisha kupona. Zile sauti zilizomsumbua kichwani mwaka jana hazisikii tena.

"Nakujua wewe, huna siri," alisema. "Lakini ukimwambia mama, usiniite kaka tena."

Kasuku akaapa. Kwa kweli alijiona mkubwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwamini kwa jambo la maana. Kaka akaacha kulala, Kasuku akanyamaza. Kaka akaanza kubishana na ukuta. Bado akanyamaza, na kila mama alipoingia, yeye alitoka. Mama naye aliona kijana anakonda, akajiambia kwamba ni mawazo ya mitihani.

Mchana mmoja Kasuku alirudi kutoka shule akakuta uani kumejaa watu. Kaka alikuwa amevunja madirisha kwa mikono mitupu, akipiga kelele kwamba kuna watu ndani ya kuta. Majirani walimfunga kamba, wakampakia kwenye gari, Kasuku akakaa kando yake akilia. Walimpeleka kulekule kazini kwa mama.

Mama alipoona ni nani, aliita jina lake mara moja. Kisha akafanya kama alivyomfanyia kila mgonjwa. Aliwaomba majirani watoke, akapiga magoti sakafuni ili asimtishe, akaanza kufungua mafundo huku akizungumza naye taratibu. Kamba ilikuwa imemchubua ngozi hadi damu. Kijana akamtemea mate usoni, akamwita mchawi. Mama akajifuta kwa bega, akaendelea na fundo lililofuata.

Muuguzi mkuu akamwondoa hapo kwa upole, maana hairuhusiwi mtu kumhudumia mwanawe mwenyewe. Daktari akauliza kama mgonjwa anameza dawa zake. Mama akajibu bila kusita kwamba anameza kila siku, mbele ya macho yake. Basi dawa hii imeshindwa, alisema daktari; itabidi apewe nyingine kali zaidi, ambayo huwadhuru vibaya baadhi ya wagonjwa. Akaagiza iandaliwe.

Kasuku, aliyesimama nyuma ya mama, alisikia kaka akilia chumba cha pili. Akiitoa siri, atamkosa kaka. Akinyamaza, huenda akamkosa kabisa.

"Hamezi," alisema. "Anaficha chini ya ulimi. Nilijua, mama. Nilijua siku zote hizi."

Mama akavuta kiti, akakaa. Daktari akafuta agizo lake, akaamuru dawa ileile ya zamani, lakini kwa sindano.

"Humu ndani namwambia kila mgonjwa ainue ulimi nione," mama alisema. "Mwanangu niliona haya kumkagua."

Kaka alilazwa muda mrefu. Polepole zile sauti zikamwacha, akamweleza daktari habari ya mikono kutetemeka, naye akampunguzia kipimo cha dawa. Akawa mzima wa kuongea na kila mtu, isipokuwa Kasuku. Siku ya kuwatazama wagonjwa, alimgeuzia mgongo.

Wakiwa njiani kurudi, Kasuku alilia kwa kwikwi. Mama akasimama, akamshika mabega.

"Siri ya kumfurahisha mtu, itunze," alimwambia. "Siri inayomuumiza mtu, mwambie mkubwa siku hiyohiyo. Mimi nilikosea kutouliza, wewe ulikosea kunyamaza, na aliyefungwa kamba ni yeye."

"Na asiponisamehe?"

Mama alimfuta machozi kwa kiganja.

"Basi na anune, mwanangu. Ananuna akiwa hai."